Mtoto Mchanga Anaguna Usiku Kucha: Cha Kufanya Kabla Hujamnyanyua

Mama wa mtoto wa wiki tatu akija kliniki, mara nyingi halalamiki kwamba mtoto analia. Analalamika kwamba analala kwa fujo: anaguna, anakoroma, anajinyonganyonga, anajikakamua hadi uso unaiva. Asubuhi mtoto mzima kabisa, mama ndiye hoi.

Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi. Macho huchezacheza chini ya kope, mdomo hunyonya hewa tupu na pumzi haziendi sawa. Mzunguko mmoja huchukua dakika 50 hadi 60, ndiyo maana fujo hurudi karibu kila saa. Tena kwa umri huo anapumua zaidi kwa pua, na tundu zake ni nyembamba; ute kidogo tu unatosha kumkoromesha.

Hatua ya 1: Jifunze kuhesabu pumzi, na ujifunze mchana. Saa nane za usiku, ukiwa na hofu, si wakati wa kujifunza. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue tumbo na kifua, shika saa ya simu, uhesabu dakika 1 nzima. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana pumzi za mtoto mchanga huja kwa mafungu: anaweza kusita sekunde 5 hadi 10, akapumua harakaharaka, kisha akarudi kawaida. Hiyo haina neno. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikibaki hivyo, mpeleke kituo cha afya. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, kikomo ni 50.

Fanya hivyo mara kadhaa mpaka uijue pumzi ya mwanao ilivyo akiwa mzima. Usiku hutahitaji kubahatisha.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali pa kulala. Alale chali, ndani ya neti, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto. Wengi huweka mto “apumue vizuri”, kumbe shingo inakunjika na njia ya hewa inabanwa. Moshi nao marufuku: sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani. Najua nyumba yenye mzazi bila ubani huonekana kama haijapokea mgeni. Basi fukizeni chumba kingine. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama ni baridi ya Makete, kwa sababu hewa yake huua hata watu wazima.

Hatua ya 3: Safisha pua ikiwa imeziba kweli. Dalili ni kwamba anaachia titi kila mara ili avute hewa. Nunua matone ya maji ya chumvi duka la dawa, yale ya watoto wachanga. Weka tone 1 au 2 kila tundu kabla ya kunyonya, subiri kidogo, ufute kinachotoka kwa kitambaa laini. Usichokoe kwa kijiti cha pamba wala usifyonze kwa mdomo. Mafuta ya kuchua yanayowasha pua si ya umri huu. Dawa ya mafua ya wakubwa, hata tone, hapana.

Hatua ya 4: Akishanyonya, mweke begani umpapase mgongo abeue. Dakika chache zinatosha.

Hatua ya 5: Akiguna, usimguse kwanza. Hapa ndipo wengi hushindwa, na ndipo usingizi wa nyumba nzima unapopotelea. Mtazame kwa mwanga hafifu. Kama macho yamefumba na kifua kinakwenda vizuri, ngoja dakika moja au mbili. Mtoto aliyeamka kwa njaa hufumbua macho, hugeuza kichwa kutafuta titi, hutia ngumi mdomoni. Huyo mnyonyeshe mara moja. Ukimnyanyua kwa kila mguno utakuwa unamwamsha aliyelala. Ila mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, au ambaye hajarudia uzito wa kuzaliwa, aamshwe anyonye angalau kila saa 3 hata kama yuko kimya.

Hatua ya 6: Gawaneni zamu. Baba asikilize kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 7, amlete mtoto kwa mama akishaamka kweli. Msikilizaji asisinzie kwenye kochi na mtoto kifuani. Hapo ni hatari kuliko kitandani kwake.

Usiku usiosubiri kuche: anaguna kila anapotoa pumzi, hata akiwa ametulia, nyama chini ya mbavu zinadidimia ndani akivuta hewa, pua zinatanuka, anasita kupumua kwa sekunde 20 au midomo inakuwa ya bluu, anakataa kunyonya, amelegea au ana degedege, joto ni nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5. Dalili moja tu inatosha kumpeleka hospitali.

Katika mambo haya hutakosa wa kukuambia mtoto ana kimeo, akatwe. Usikubali. Miguno niliyoieleza haitoki kwenye kimeo, na kukikata huleta kutokwa damu nyingi, usaha na hata pepopunda. Kama unasikia mlio mwembamba wa filimbi kila anapovuta hewa, huenda koo lake bado ni laini mno. Wengi huachana nao kabla ya mwaka mmoja na nusu, lakini lazima daktari amwone. Mrekodi video kwa simu, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, kwa sababu mkifika kliniki asubuhi atakuwa amelala kimya kabisa.