Jinsi ya kutumia utafiti wa serikali kabla maji hayajaingia kwa nyumba

Wengi huku Nairobi tunangoja mvua ianze ndo tuulize serikali ilisema nini, na kumbe kazi ilishafanywa kitambo na kodi zetu ndo zililipa. Idara ya Hali ya Hewa, ile ya Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Disemba. Ingia websaiti yao uchukue ripoti yenyewe, achana na picha zinazozunguka kwa magrupu ya WhatsApp hazina hata tarehe.

Ukiifungua usikimbilie rangi za ramani, tafuta asilimia. Wanagawa msimu mara tatu: kupita kawaida, kawaida, na chini ya kawaida, kwa hivyo bila dalili yoyote kila upande ungepata kama 33. Tuseme kwenu wameandika 55 kupita kawaida, hiyo ni dalili ya kuzibua mitaro mapema lakini si ahadi, bado 45 imebaki, na mvua ikikosa kuja hivyo usiseme walidanganya. Na usitafute siku humo, siku iko kwa utabiri wa wiki na zile tahadhari za mvua kubwa.

Kama unakaa karibu na mto, usisome ya mtaa wako pekee. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, mvua ikishinda huko maji yanakufikia hata kama kwako ni pakavu. Tuliona Mathare Aprili 2024 vile mto ukivunja kingo haupigi hodi.

Halafu kuna mipango. Ya taifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ni 2015 hadi 2030, ya kaunti yetu 2020 hadi 2050. Tafuta pale wametaja mafuriko, piga kopi ya hiyo ukurasa, ubebe kwa kikao cha bajeti umuulize MCA, yule mwakilishi wa wadi yenu kwa bunge la kaunti, pesa iko wapi.

Ukiambiwa ripoti fulani haipatikani, andika barua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi iko na siku 21 kujibu, au masaa 48 kama ni jambo la uhai wa mtu. Usiandike tu "nataka data ya mafuriko", taja ripoti gani, mwaka gani, wadi gani. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Ombudsman, ile tume inayoshughulikia malalamishi ya raia dhidi ya ofisi za serikali. Na siku ya kupeleka barua, usitoke kwa hiyo ofisi bila kopi yako kugongwa muhuri na tarehe, juu siku zinahesabiwa kutoka barua ilipopokelewa.