Ajenti wa ijieni (mwenye anaangalia usafi) akifika kwa resto, ataangalia nini

Benye resto ba hapa Goma, ajenti wa ijieni akikuya musianze kukimbia na kuficha masahani, kitu ya kwanza ataomba ni maji, muliichota wapi na muliitia klore ao hapana, juu maji ya Ziwa Kivu yenye haina dawa inaweza kuleta kolera na kolera haingojee mutu. Weka bidoni ya robine na sabuni pa mulango, batu banawe kweli. Samaki kidogo za sambaza zenye zimepikwa zisikae kwa meza kupita masaa 2, zikipita tupa, hata kama roho inauma. Nyama mbichi ikuwe na kisu yake yenyewe. Mpishi mwenye anaharisha abakie nyumbani na mumulipe ile siku, bila hiyo atakuya tu kupika.