Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita: Mambo ya Kuzingatia kwa Mpangaji

Tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji wa Tanzania Bara hana tena sheria yake maalumu ya kumkinga asipandishiwe kodi wala kuondolewa kiholela. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, sheria ya mikataba, na karatasi aliyoitia saini mwenyewe. Ni kweli kwamba Ibara ya 16 ya Katiba inaheshimu maskani ya mtu, na kwamba tangu mwaka 1976 nchi yetu imefungwa na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi na kijamii, unaotaja pia haki ya makazi. Lakini siku vyombo vyako vitakapotolewa nje, swali la kwanza utakaloulizwa ni mkataba uko wapi.

Nyumba ikaguliwe mchana. Fungua bomba, washa taa, uliza LUKU mnachangia wangapi. Dalali alipwe baada ya mkataba kusainiwa, si baada ya kuonyeshwa chumba. Kila malipo yawe na risiti, na ukilipa kwa simu, namba iwe imesajiliwa kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Jambo ambalo watu hulipuuza, na ambalo ndilo huwatoa wengi nje, ni kuhakikisha kwamba anayepangisha ana mamlaka ya kupangisha. Dada mmoja mshonaji ninayemfahamu alipanga chumba na sebule Tandika, akalipa mwaka mzima kwa kijana aliyekuwa akiishi uani na ambaye wapangaji wote walimwita mwenye nyumba. Mkataba uliandikwa vizuri, una mashahidi na picha. Mwaka haujafika nusu, akaja dada mkubwa wa yule kijana na barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yao. Warithi walikwisha kubaliana kuuza nyumba, na mnunuzi aliitaka ikiwa tupu. Mshonaji alitoa mkataba wake. Msimamizi akausoma wote, akamrudishia, akasema mdogo wake alipewa chumba cha kulala, hakupewa nyumba ya kupangisha. Walisuluhishwa mtaani: mpangaji akapewa mwezi mmoja wa kuhama, kijana akaahidi kurudisha fedha kidogo kidogo. Alilipa mara moja, kisha akahama bila kuaga. Dada wa watu alibaki na haki ya kumdai, lakini mtu usiyejua anakoishi utampelekea wapi wito wa kuitwa shaurini? Kilichouma zaidi ni kwamba mwenyekiti wa mtaa alijua tangu msibani kuwa nyumba ile ina mvutano wa urithi, ila hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, utaje nyumba, uulize ni ya nani na kama ina mgogoro wa urithi, wa ndoa au wa mkopo. Kama kiwanja kimepimwa, omba kuiona hati kisha ufanye upekuzi ofisi ya ardhi, kwa kuwa huko ndiko kunakoonekana kama nyumba imewekwa rehani benki. Kama hakijapimwa, dai leseni ya makazi au hati ya mauziano. Mwenye nyumba akiwa amefariki, saini iwe ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akiwa yuko mbali, anayemwakilisha aonyeshe hati ya uwakilishi. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali haya amekwisha kukujibu.

Muda wa notisi uandikwe ndani ya mkataba. Usipoandikwa, na muda wa upangaji nao haukutajwa, Sheria ya Ardhi huuchukulia upangaji huo kuwa wa vipindi, na notisi haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi cha kulipia kodi: anayelipa kwa mwezi apewe si chini ya mwezi. Lipia pia ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usio na stempu hukataliwa kama ushahidi hadi ushuru huo ulipwe, na siku ya shauri si siku ya kuanza kuutafuta.

Ukipewa notisi usiyokubaliana nayo, ijibu kwa maandishi na uendelee kulipa kodi, maana deni la kodi ndilo sababu rahisi kuliko zote za kukutoa. Mgogoro huanzia Baraza la Kata, ambalo siku hizi husuluhisha tu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi, na huko unaweza kuomba zuio la muda usitolewe wakati shauri linasikilizwa. Nakala ya mkataba ikae kwa ndugu, isikae kabatini mwa chumba hicho hicho kinachoweza kufungwa kufuli. Piga picha za kuta na sakafu siku ya kuingia. Usisaini karatasi yoyote usiku, wala mbele ya watu waliokuja wengi, wala yenye nafasi zilizoachwa wazi.