Sukari ya mwenzi wako ikishuka usiku
Anayelala kando ya mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini mara nyingi ndiye wa kwanza kuiona hatari, kwa sababu sukari inaposhuka mno mgonjwa huchanganyikiwa na huenda akakana kwa ukali kuwa ana shida yoyote. Ukimwona anatokwa na kijasho chembamba, anatetemeka au anaongea maneno yasiyoeleweka, usibishane naye; mpime. Kipimo kikiwa chini ya 4 mmol/L, au ikiwa huna mashine karibu, mpe mara moja gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Mpime tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Ikisharudi, ale kipande cha mkate au kiazi kitamu ili isishuke tena.

Akizimia au akishindwa kumeza, usimtie chochote mdomoni, hata asali, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Asubuhi andikeni saa, kipimo, dozi na chakula cha jioni katika daftari la kliniki, kwani daktari asiyeambiwa hawezi kurekebisha dawa. Kwa wanaofunga Ramadhani, mwoneni daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, na sukari ikishuka hivyo mchana, afungue papo hapo.