Kabla hujanyanyua mkono mnadani: namna ya kuhoji kama kitu cha muvi ni orijino kweli

Nianze na jaketi, maana ndilo lililonifungua macho. Miaka kadhaa nyuma nilishinda mnada wa mtandaoni, jaketi la sufu la kijivu, wauzaji wanasema lilivaliwa kwenye muvi ya miaka ya 1940, ndani kifuani lina lebo yenye jina la mwigizaji limepigwa taipu, na limekuja na cheti kizito chenye muhuri wa dhahabu unaong'aa. Nilifurahi sana. Nikalipeleka kwa fundi wangu wa cherehani Kariakoo alitengeneze bitana iliyochanika, mzee yule akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye lebo, akaniambia, "Mwanangu, koti ni la zamani, ila hii lebo imeshonwa juzi." Nikamwambia mzee haiwezekani, lina cheti. Akanionyesha: nyuzi za mshono wa koti zimeshageuka rangi ya chai, nyuzi za lebo ni nyeupe pee, na chini ya lebo sufu imechakaa sawasawa na pembeni yake, wakati kama lebo ingekaa pale miaka sabini ingeikinga ile sehemu. Tukashuka kwa wakala wa pesa hapo chini, tukaliweka kwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Koti kimya. Lebo na uzi wake vikawaka bluu.

Sasa elewa kwa nini viliwaka. Kuna kemikali za kung'arisha weupe ambazo viwanda vinaweka kwenye karatasi, nyuzi na sabuni za kufulia, na zilienea hasa kuanzia miaka ya 1950. Kwa hiyo karatasi au uzi unaowaka bluu kwenye kitu kinachosemwa cha 1942 unakuwa na maswali ya kujibu. Ila tahadhari, nguo ya zamani ikifuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo inaweza kuwaka, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa taa peke yake, angalia kama inawaka nguo nzima au kipande kimoja tu. Kwangu kilikuwa kipande kimoja, na kipande chenyewe ndicho kilichobeba bei yote.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ninalokuomba: cheti kiweke pembeni. Cheti ni karatasi, anachapisha yeyote mwenye printa. Kinachokupa jibu ni kitu chenyewe na safari kiliyopita mpaka kufika mnadani. Ukisoma cheti jiulize kimesainiwa na nani, na huyo mtu alijuaje, alikuwepo wakati wa kurekodi au aliambiwa na aliyemuuzia? Mara nyingi utakuta aliyetoa cheti ndiye huyohuyo muuzaji, yani shahidi na mshtakiwa ni mtu mmoja.

Alafu soma maelezo ya mnada neno kwa neno, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. "Kimetumika kwenye skrini" maana yake wanasema kilionekana kwenye muvi. "Kimetengenezwa kwa ajili ya muvi" maana yake kilitengenezwa na timu ya muvi ila labda kilikaa stoo mpaka mwisho. "Kinasadikiwa kuwa" na "kwa mtindo wa" hayo ni maneno ya kujikinga, hawajakuahidi kitu. Na muvi moja inakuwa na kitu kilekile mara tano sita: kimoja kizuri cha kupigwa picha karibu, kingine cha mpira cha kurushwa na kuangukiwa bila kumuumiza mtu, vingine vya kushikwa na watu wa nyuma kule. Vyote ni halali lakini bei zake ni mbingu na ardhi. Tukichukua kile kigari cha mtoto cha kutelezea kwenye theluji, kinachoitwa Rosebud, kwenye muvi ya Citizen Kane ya 1941, vilitengenezwa zaidi ya kimoja, maana mwisho wa muvi kinatupwa kwenye moto. Mwongozaji wa muvi Steven Spielberg alinunua kimoja cha mbao nyepesi ya balsa mwaka 1982 kwa dola 60,500, na kingine kikauzwa 2025 kwa dola milioni 14.75. Kwa hiyo ukiambiwa "ni chenyewe", rudisha swali: chenyewe kipi kati ya vingapi?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kulinganisha na skrini, na hapa tukae kidogo. Tafuta kopi safi kabisa ya muvi, diski ya Blu-ray au zaidi ya hapo, achana na vipande vya YouTube, vimebanwa mpaka alama ndogo zimefutika. Pitia kila mahali kitu kinapotokea, simamisha, piga skrinishoti, nyingi, kwenye mwanga tofauti. Kisha omba nyumba ya mnada picha za kitu kwa pembe zilezile. Unachotafuta ni ajali, yani kile ambacho mtengenezaji hakukikusudia: mkwaruzo, tone la gundi, mstari wa mbao, shanga iliyokaa upande, mshono uliopinda. Umbo halithibitishi chochote, kopi nzuri ina umbo lilelile. Na kuna kanuni moja wanaonunua mitumba wataielewa haraka: kitu kinaongeza makovu, hakipunguzi. Ukiona kwenye skrini kuna ufa na kitu cha mnadani hakina ufa, wala hakuna dalili ya kuzibwa au kupakwa rangi upya, hicho si kile. Ukikuta makovu ya ziada ambayo kwenye muvi hayapo, hilo sio tatizo, kimeishi miaka mingi baada ya hapo.

Ila tapeli naye ana Blu-ray. Anaweza kukaa na msumari akachora mkwaruzo uleule. Ndio maana mimi naamini zaidi sehemu ambazo kamera haikuzionyesha: ndani, chini, nyuma, chini ya bitana. Mfano mzuri ninaoujua ni viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz ya 1939. Jozi moja iliibwa mwaka 2005 kwenye makumbusho ya Judy Garland kule Grand Rapids, Minnesota, FBI wakaipata 2018, wakaipeleka Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, ambako kuna jozi nyingine tangu 1979. Wataalamu waliangalia viatu vyenyewe. Kwenye yale mapambo ya fundo mbele ya viatu wakakuta baadhi ya shanga ni kioo kisicho na rangi kilichopakwa nyekundu, jambo ambalo lilikuwepo kwenye jozi ya Smithsonian pia, na mtu wa kughushi nyumbani asingelijua. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba jozi zilikuwa zimechanganyika, kiatu cha kushoto cha jozi moja ni mwenzake na cha kulia cha jozi nyingine! Jozi ile iliyoibwa ikaja kuuzwa Desemba 2024 kwa dola milioni 28, ukiweka na kamisheni ya mnunuzi inafika 32.5. (Hiyo kamisheni usiisahau, nyundo ikigonga bado hujamaliza kulipa, soma asilimia yao kabla.)

Gauni la muvi hiyohiyo nalo lina somo. Mwaka 2021 lilikutwa kwenye chuo cha Catholic University of America, Washington, na watu wa Smithsonian wakasaidia kulikagua, moja ya vitu vilivyowashawishi ni kimfuko cha siri upande wa kulia kwa ajili ya leso ya Dorothy, yule msichana aliyeigizwa na Garland, pamoja na jina la mwigizaji lililoandikwa kwa mkono ndani. Ona wanapoangalia: mfuko ambao mtazamaji hata haujui.

Kwa vitu vya plastiki na rezini mambo ni magumu zaidi, nakuambia kabisa. Kopi inaweza kutoka kwenye kalibu ileile ya mwanzo. Kofia za wale wanajeshi wenye mavazi meupe kwenye muvi ya Star Wars zilitengenezwa Uingereza na Andrew Ainsworth mwaka 1976, miaka mingi baadaye akaanza kuuza nyingine mpya akisema zinatoka kwenye kalibu zilezile, kampuni ya Lucas, wenye muvi hiyo, ikamshtaki na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011, ambapo majaji walikataa kuihesabu kofia ile kama sanaa ya uchongaji. Sasa wewe ukishika kofia, umbo litakuambia nini? Hapo unaangalia rangi iliyopakwa kwa mkono, unene wa plastiki kwenye kingo, bitana ya ndani, kamba, skrubu, umanjano wa umri na kama umeingia mpaka kwenye mikunjo. Ukipulizia chai kitu kizeeke, doa linakaa juu juu na linaonekana sawasawa kila mahali, uzee wa kweli unachagua sehemu: pale jasho lilipogusa, pale mkono uliposhika.

Baada ya kitu, safari. Andika email uulize waziwazi: nani alikitoa kwenye muvi, mwaka gani, akampa nani, kimeshawahi kuuzwa mnadani wapi, kimekarabatiwa nini na nani. Wakikujibu "alikuwa mfanyakazi wa studio", omba jina la kazi yake, kisha angalia majina ya mwisho wa muvi kama yupo, na kama yupo, je kitengo chake kilihusika na kitu hicho? Dereva kuwa na jaketi inawezekana, ila lazima kuwe na maelezo. Usiwe mkali kupita kiasi na vitu vya Hollywood ya zamani, makaratasi yake ni machache kweli, studio ya MGM waliuza stoo zao kwa mnada mwaka 1970 na vitu vingi vilishatoka bila risiti. Pengo kwenye historia mimi nalivumilia. Historia inayobadilika kila ukiuliza, hapana.

Na ukiweza, mtafute aliyekishika. Mwaka 2006 nyumba ya mnada ya Christie's walifanya mnada mkubwa wa vitu vya Star Trek, zile filamu na tamthilia za anga, kule New York, mnunuzi mmoja akachukua kofia ya kivuli ya kuchezea karata ya Data, mhusika mmoja wa Star Trek, dola elfu sita hivi. Akaipeleka kwa mwigizaji mwenyewe, Brent Spiner, amsainie. Kwa maelezo ya mnunuzi, Spiner akamwambia hii siyo, ile ya kweli nilishaiuza mwenyewe. Akafungua kesi. Angeuliza mapema ingemgharimu barua moja.

Swali la mwisho kabla ya kunyanyua mkono ni la umiliki, maana kitu kinaweza kuwa cha kweli na bado kisiwe cha anayekuuzia. Lile gauni la chuo lilikuwa tayari limepangiwa mnada, jaji akausimamisha Mei 2022 kwa sababu ndugu wa padri aliyepewa gauni hilo alidai ni mali ya familia. Uliza kwa maandishi: nani anathibitisha umiliki, na kikija kudaiwa nani ananirudishia pesa.

Mimi kwenye jaketi nilikosea tarehe. Masharti yao yalikuwa yanampa mnunuzi siku chache za kulalamika, na mimi nilikaa nalo kabatini miezi miwili nikisubiri bitana. Nilipowaandikia na picha za ile lebo inavyowaka, wakanijibu kwa heshima kwamba muda umepita. Inaniuma mpaka leo, maana ushahidi nilikuwa nao wote, kasoro siku. Kwa hiyo kabla ya mnada tafuta kwenye masharti idadi ya siku na aina ya ushahidi wanaoukubali, wengine wanataka maandishi ya mtaalamu asiyehusika. Mzigo ukifika usiufungue kwa pupa, rekodi video kuanzia boksi likiwa na gundi yake, onyesha namba ya loti, yani namba ya kitu chako mnadani, kisha siku hiyohiyo geuza kitu ndani nje, pitisha taa, piga picha kila mshono na kila skrubu, na uzitume kwao siku hiyohiyo hata kama huna malalamiko bado.