Kuwahamishia akina Bennet Runda: namna ya kuisimulia upya riwaya ya ucheshi ya wenye nazo

Ukitaka kuisimulia upya riwaya ya kale ya ucheshi, weka kando mavazi na magari kwanza. Tafuta kinachowabana watu. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813, vicheko vingi vinatokana na sharti moja la urithi: mzee Bennet hana mtoto wa kiume, kwa hiyo akifa nyumba inamwendea binamu, Collins, na mabinti watano hawana pa kukaa. Liondoe sharti hilo, na mama yao anabaki mpiga kelele tu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika kwamba binti wa Nairobi harithi kwa kuwa ni msichana, ilhali Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mwana na binti. Msomaji anajua hilo. Huenda hata ana faili katika mahakama ya Milimani. Kibano kizuri kipo ndani ya sheria hiyohiyo, nacho ni nyumba ya pili. Mzee wa Runda, mtaa wa matajiri jijini Nairobi, ni mgonjwa, hajaandika wosia, na wake zake wawili ameoa kimila. Kifungu cha 40 kinagawa mali kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai anahesabiwa kuwa fungu moja zaidi. Mama wa Runda ana mabinti wawili: mafungu matatu. Mwenzake wa Ruiru ana wana watano: mafungu sita. Yule anayeitwa "huyo wa Ruiru" kila Jumapili mezani atachukua theluthi mbili. Fanya hesabu hii kabla ya kuandika lolote, maana ukiwaacha mabinti watano kama walivyo kitabuni, mafungu yanakuwa sita kwa sita na kibano kinalegea.

Sasa Collins. Kitabuni anamposa mmoja wa mabinti. Ukimfanya mwana wa Ruiru, atakuwa anamposa dada yake, na hadithi imekufa hapo. Binamu naye hafai, kwani kwa jamii nyingi za Kenya ni mwiko. Mfanye mchungaji kijana anayelelewa na kanisa la yule mke wa Ruiru, aliyetumwa kuleta amani na anayeona ndoa ndiyo njia fupi. Collins wa Austen pia ni kasisi, na kinachochekesha kwake ni jinsi anavyomnyenyekea mfadhili wake. Sifa hiyo isipotee.

Ukishapata kibano, pitia sura zote 61 na uchague matukio kumi au kumi na mawili. Kwa kila moja jiulize: nani anaaibika, na mbele ya nani? Hicho ndicho unachohamisha.

Mfano ni lile la Jane, binti mkubwa wa Bennet, kutumwa kwa farasi kwa jirani tajiri huku mvua ikinukia, mama akitaka anyeshewe alale hukohuko. Teksi ya kuitwa kwa simu inaliharibu tukio hili papo hapo. Wanaokimbilia simu kuzima chaji wanakosea, kwa sababu bahati mbaya imechukua nafasi ya hila ya mama. Acha mama apeleke gari gereji asubuhi hiyo, mwezi wa Aprili, na amtoe binti kwa bodaboda. Kisha Elizabeth, mdogo wake Jane, anatembea maili tatu matopeni kwenda kumwona dadake. Aibu yake Runda iko wapi? Iko langoni. Barabara zile hutembelewa kwa miguu na wafanyakazi, basi askari anamwona msichana mwenye viatu vya tope, anasukuma kitabu cha wageni dirishani, anaomba kitambulisho, na kuuliza kwa upole: "Umekuja kwa kazi ya nyumba gani, dada?" Usiongeze neno. Askari hajakosea, na asichekwe. Katika riwaya za namna hii wanaochekwa wawe wenye mali.

Fedha zihamishe kwa uwiano, achana na viwango vya kubadilishia pauni. Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth, ana pauni 10,000 kwa mwaka, Bennet 2,000: tano kwa moja. Nairobi hakuna anayetaja mapato yake, lakini watu husoma namba ya gari kabla ya kumsalimu dereva, na karo ya shule hutajwa kama kwa bahati mbaya.

Kazi ngumu kuliko zote ni sauti. Austen anasimulia kwa nafsi ya tatu huku maneno yakiwa ya mhusika. Kiswahili kinaliweza hili vizuri sana. Linganisha:

"Mama Nyokabi alikuwa na majivuno na aliwadharau majirani."

"Mama Nyokabi hakuwa na neno na majirani wapya. Watu wa Mungu, hao. Ila eti wamejenga orofa tatu, na mtu akisimama kule juu anaona mpaka kamba yake ya nguo."

Sentensi ya kwanza inahukumu, na msomaji hana la kufanya. Ya pili inamwacha mama ajifichue mwenyewe: "hao" inasukuma mbali, "eti" inalalamika. Kupima, badilisha "yake" iwe "yangu" na usome kwa sauti. Ikisikika kama mama mwenyewe akimlalamikia shogaye, umepatia. "Eti" moja kwa aya inatosha. Zikizidi, anayesikika ni mwandishi akidhihaki.

Mabinti wa Runda huzungumza Kiingereza baina yao. Waandikie Kiswahili sanifu chenye sentensi ndefu, kisha uzikate fupi wanapoagiza chai jikoni. Tofauti hiyo inaeleza tabaka bila maelezo.

Mwisho, haki. Austen alifariki 1817, kitabu chake ni huru. Kwa waandishi wa karibuni, Kenya hulinda maandishi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi, Uingereza miaka 70. Ukichapisha mtandaoni fuata muda mrefu zaidi. Tafsiri ya kisasa ina hakimiliki yake, hata kama asili ni huru, na vilevile matukio yaliyobuniwa na filamu. Fanya kazi ukiwa na kitabu chenyewe mkononi.