Somo: Kulala melini na familia kwenye fiodi ya Doubtful Sound, Nyuzilandi

Ndugu wanaokuja kututembelea huku Nyuzilandi wengi huishia Milford Sound, fiodi nyingine maarufu: saa mbili za boti, picha, safari ya kurudi. Kama mna watoto na mnaweza kulala usiku mmoja, nawasihi mwende Doubtful Sound. Meli ni chache, na boti za mchana zikishaondoka, fiodi nzima inabaki yenu. Ni bonde lililochongwa na mito ya barafu, kisha bahari ikaingia. Kuta za mwamba zimesimama wima kutoka majini. Fiodi yenyewe ina urefu wa kilomita 40 hivi, na kina chake kinafika mita 421.

Hatua ya 1: Msimu. Meli za kulala hufanya kazi hasa Septemba hadi Mei. Mimi napendelea Desemba na Januari, jua linapozama karibu saa tatu na nusu usiku. Msiahirishe safari kwa kuogopa mvua. Sehemu za eneo hili la Fiordland hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam ni kama 1,100. Mvua ikikolea, maporomoko ya maji yanazuka kila mahali juu ya majabali, mengine yanapeperushwa na upepo kabla hayajagusa bahari. Siku ya jua kali hamtayaona hayo.

Hatua ya 2: Nafasi. Kateni mapema, hasa likizo za shule. Ulizeni kwanza umri wa chini wa mtoto, maana vyombo vingine havichukui wadogo sana. Kama kuna chumba cha vitanda vinne vya ghorofa, familia ikichukue chote.

Hatua ya 3: Kufika. Gari linaishia kijiji cha Manapouri. Hapo mnavuka ziwa kwa boti, mnapanda basi kupitia kipito cha Wilmot, mita 671 juu ya bahari, mnashukia Deep Cove ilipo meli. Barabara hiyo ya mlimani ilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mradi wa umeme wa Manapouri, na haijaungana na barabara nyingine yoyote. Kwa hiyo acheni masanduku makubwa mnakofikia. Kila mtu abebe begi dogo, kwani mtapanda na kushuka mara kadhaa.

Hatua ya 4: Begi. Koti la mvua la kweli, sweta nzito, soksi na suruali za akiba kwa watoto, na dawa ya kujipaka kuzuia usubi. Usubi wa huku ni mweusi, mdogo, na unauma kweli. Meli ikitembea haufuati. Ikisimama karibu na msitu, funikeni vifundo vya miguu.

Hatua ya 5: Mkiwa majini. Alasiri meli husimama kwenye kijighuba kilichotulia, watu wanashuka kwa kayaki (mtumbwi mdogo wa kasia) au kiboti. Watoto wachote maji kwa kiganja: yana rangi ya chai ya rangi, na juu hayana chumvi nyingi. Mvua hushuka msituni na rangi ya majani yaliyooza, kisha maji hayo matamu yanaelea juu ya yale ya chumvi. Tabaka hilo linazuia mwanga, ndiyo maana marijani nyeusi, ambayo kwingine hukaa kina kirefu, hapa inaota karibu zaidi na uso wa maji.

Tazameni pia mistari mitupu kwenye majabali. Miti pale haina udongo wa maana, imeshikana mizizi juu ya utando wa mimea midogo na mwamba. Mmoja ukiteleza unaburuta wenzake hadi baharini.

Asubuhi amkeni mapema mkae sitahani. Mara nyingi nahodha huzima injini na kuwaomba watu wote wanyamaze. Hapo mtasikia ndege, maji, na pengine pumzi za pomboo, kwani kuna kundi linaloishi humu mwaka mzima.

Maswali

Dada, mama mkwe huchafukwa hata kwenye boti ya Zanzibar. Ataweza?
Ataweza. Ndani ya fiodi maji hutulia. Tatizo ni mdomoni mwa fiodi, inapokutana na Bahari ya Tasman. James Cook mwenyewe, yule baharia Mwingereza, mwaka 1770 hakuingia kwa kuhofia kukosa upepo wa kumtoa. Mpeni dawa mapema kabla ya kufika huko, akae katikati ya meli, sitaha ya chini.

Chakula halali kinapatikana?
Semeni siku ya kukata nafasi, si mkiwa melini, kwa sababu hakuna duka njiani. Wakisema nyama si halali, ombeni samaki au mboga.

Simu inashika?
Hapana, mtandao hakuna. Waageni nyumbani mkiwa bado Manapouri.

Shangazi anatoka Mombasa, anataka kutuletea dagaa, achari na asali. Sawa?
Asali aiache. Vingine vyote avitaje kwenye fomu ya kuingilia nchini, hata kama ni kifuko kimoja. Kutotaja ni faini ya dola 400 za huku papo hapo. Akivitaja, hata vikichukuliwa, halipi faini. Na viza aombe mapema, Mkenya haingii bila hiyo.